Sahani Moja Iliyosahauliwa

Mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kwamba jambo dogo ukiliona na kulipuuza, hukaa likikungoja. Mwiba hauna haraka. Huingia kidogo, huuma kidogo, nawe huchechemea siku moja ukasema yamekwisha. Kumbe ndani ya nyama mwiba ndio kwanza umeanza kazi yake.

Katika nyumba moja yenye ua mpana aliishi msichana ambaye kila mtu alimwita Waya, kwa kuwa mifukoni mwake hamkukosa vipande vya waya. Baba yake alikwisha tangulia mbele ya haki. Nguzo iliyobaki ni mjomba wake, mdogo wake mama, mchimba visima. Mjomba alikuwa mtu wa mizaha. Alipenda kusema kwamba katika ukoo wote ni yeye peke yake anayeingia kaburini asubuhi na kurudi jioni kula. Mama hakuwahi kuucheka mzaha huo.

Waya alijifunza ufundi kwa mzee jirani, Fundi Redio. Mzee alimfundisha kuamrisha bodi ndogo ya kompyuta, pana kama kiganja cha mtoto, ambayo ubongo wake haukuzidi ukucha. Lugha waliyoitumia ilikuwa ndogo pia. Bodi hupokea namba na kuzipanga moja juu ya nyingine, kama sahani zilizooshwa. Ukitaka kuzitumia, unaanza na ya juu. Unaifundisha bodi neno moja, yaani amri, kisha kwa neno hilo unaifundisha jingine. Fundi Redio alikuwa na sharti moja tu, naye alilirudia mpaka likachosha masikio: kila neno jipya ukilijaribu, tazama rundo la namba. Neno lililoweka sahani ya ziada liiondoe lenyewe.

"Kabati la bodi hii linabeba sahani thelathini na mbili," alisema. "Ya thelathini na tatu haianguki peke yake."

Mwaka huo mjomba alikuwa akichimba kisima uani kwao. Alipofika kina cha watu watatu na nusu alikuta mchanga unaotoa maji. Ilibidi ajenge ukuta wa matofali kuanzia chini, na saruji mbichi isifikiwe na maji mpaka ishike, la sivyo mchanga wa nyuma ungeusukuma ukuta umwangukie. Pampu iliwekwa juu, ikavuta maji kwa mpira mrefu. Lakini pampu ikivuta hewa huungua, na moja ilikwisha ungua. Ndipo Waya aliposema kazi hiyo aachiwe bodi yake. Nyaya mbili zingening'inia kisimani, maji yakizigusa, pampu iwake, yakishuka, izime.

Alitunga maneno yake kwa siku mbili, akayajaribu mezani kwa ndoo ya maji. Maji yakagusa, pampu ikanguruma, yakashuka, ikanyamaza. Mara nne alifanya hivyo, na mara nne bodi ikatii. Alipotazama rundo kwenye kompyuta, aliona sifuri nne zimekaa moja juu ya nyingine. Kila pampu ilipozimwa, sahani moja ilisahauliwa.

Alijua kasoro iko kwenye neno la kuzima. Lakini kulitafuta kosa kulitaka subira, na uani mjomba alikwisha anza kuchanganya saruji huku akimwita fundi wa kuchelewa. Sifuri ni kitu gani, Waya alijiambia. Akaandika amri ya kufuta rundo zima, neno la kuzima akaliacha lilivyo. Kioo kikawa cheupe kama sahani ya mgeni.

Fundi Redio alipokuja kukagua, aliuliza swali lake la siku zote.

"Rundo umeliachaje?"

"Tupu, babu."

Mzee akainama, akavaa miwani, akaona kweli ni tupu. Akamtakia baraka na kwenda zake. Waya alihisi kitu kikimchoma kifuani, kidogo tu. Nacho akakidharau.

Saa mbili asubuhi mjomba alikaa kwenye kiti cha kamba. Mama na mchomeleaji wa jirani, mtu wa mabega kama mlango, walishika gurudumu la kumteremshia. Mama alifumba macho akaomba kwanza, kama ilivyo desturi yake.

"Dada, ukiomba hivyo Mungu atadhani nahama," mjomba alisema, akazama ardhini akicheka.

Kazi ikaenda. Pampu ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Mama hakujua bodi wala rundo, lakini masikio yake yalikwisha zoea. Kimya kati ya ngurumo na ngurumo kilikuwa cha muda wa kufua shuka moja. Saa tano ilipopita kidogo, kimya kikawa cha kufua shuka mbili.

"Mwanangu, mbona pampu haijasema?"

Waya alijibu kwamba inapumzika, maji hayajafika. Mama hakubishana naye. Aliitazama kamba, midomo ikimtaja Mola, hata shuka ya tatu ikapita.

"Hata hivyo, kaangalie."

Waya alikwenda kwenye bodi. Taa yake ndogo, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikikonyeza, ilikuwa imekodoa bila kupepesa. Alibonyeza kitufe, hakuna jibu. Alibonyeza tena. Hapo ndipo hesabu ilipomjia bila kuitwa: ngurumo moja kila dakika sita, kwa muda wa saa tatu na ushei. Sahani thelathini na mbili, na moja zaidi. Kabati lilikuwa limefurika, na bodi imekwama.

Sauti ya mjomba ilitoka chini, safari hii bila mzaha ndani yake.

"Waya. Maji yamepanda kwenye saruji."

Kisha wakasikia matofali. Hayakuanguka kwa kishindo. Yaliteleza moja baada ya jingine, kama mtu anayeshusha mzigo taratibu. Mama na mchomeleaji walizungusha gurudumu, kamba ikakaza, ikalia, isisogee.

"Msivute," mjomba alisema. "Mguu umeshikwa."

Waya alikuwa bado anabonyeza vitufe, kama mtu anayemwamsha mfu. Mama aliuacha mpini kwa mchomeleaji, akamshika binti yake bega.

"Hicho kitu kimekufa. Mjomba wako hajafa. Washa pampu."

Ndipo akili ikamrudia. Aling'oa nyaya za bodi, akaichomeka pampu moja kwa moja kwenye umeme. Ikanguruma. Lakini maji yalikuwa yamefika kifuani kwa mjomba, na hayakuonekana kushuka. Mama alipiga magoti ukingoni, akawa anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni, na kila alipoitika alimwita tena. Kuna mara moja hakuitika. Waya aliziba masikio.

Kisha akaitika. Maji yakashuka kiunoni, yakashuka magotini. Mjomba alipapasa chini, akaondoa tofali baada ya tofali, mpaka akasema vuteni.

Alitoka hai. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepondeka. Hospitali waliuokoa, lakini wakasema kisimani basi.

Baada ya siku tatu Fundi Redio alikwenda hospitali kumjulia mjomba hali. Waya alisimama mbele ya watu wote wa chumba kile.

"Babu, rundo halikuwa tupu. Nililifuta ili usilione."

Mzee alimuuliza kama kosa amekwisha lipata. Waya alisema amelipata: lilikuwa neno moja fupi la kutupa sahani ya juu, ambalo hakuliandika. Kuliandika kulimchukua muda wa kupiga chafya.

"Basi nimestaafu," mjomba alisema kutoka kitandani. "Kaburi limenikataa."

Mama, ambaye hakuwahi kuucheka mzaha huo, siku hiyo alijaribu, akaishia kulia. Waya hakuinua macho. Aliutazama mguu juu ya mto, umevimba, unang'aa, mnene kama gogo. Mwiba aliudharau yeye. Mguu haukuwa wake. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.