Jiwe la Taji la Dona Efigênia

Wapo watu wanaokasirika bila sababu, na hao dunia huwazoea ikawapuuza. Valdete hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa na sababu kila mara, tena sababu nzito, na nadhani hilo ndilo lililomponza. Mtu mwenye haki haambiliki. Ukimwambia atulie, anakuuliza kama na wewe uko upande wa wezi.

Alikuwa sonara kutoka mji mdogo wa Córrego da Prata, huko Minas, jimbo la migodi ng'ambo ya bahari, na mwaka ule aliingia kwenye maonyesho ya mawe ya vito katika mji wa Teófilo Otoni akiwa na haja moja tu. Mama yake, Dona Efigênia, alikuwa Malkia wa Kongo, cheo ambacho wazao wa watumwa humvika mmoja wao kwenye sikukuu yao, katika udugu wa kanisa wa Mama Yetu wa Rozari kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo aliandamana nyuma ya ngoma akiwa amevaa taji la bati lililopambwa kwa vipande vya chupa. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alimruhusu kuandamana mara moja tu, ya mwisho. Wanaudugu wakakusanya vijiko vya fedha vya bibi zao, vikuku vilivyokatika, hata vifungo vya koti la marehemu fulani, wakampa Valdete ayeyushe atengeneze taji la kweli. Naye akasimama mbele ya watu wote kanisani akaapa, "Jiwe la katikati nitalileta mimi. Na halitafanana na jiwe lolote mlilowahi kuliona."

Taji lilikuwa tayari, limeng'arishwa, limefungwa kwa kitambaa nyumbani. Katikati palikuwa na tundu tupu lenye ukubwa wa yai la njiwa. Sikukuu ya udugu ilikuwa imebakiza siku tisa.

Tangu asubuhi alipita meza kwa meza, kilenzi chake cha kukagulia mawe kikining'inia shingoni, na kila alichokiona kilizidi kumchoma. Hapa mawe ya akate yaliyopakwa rangi ya buluu mpaka yanachafua vidole. Pale zumaridi iliyolowekwa mafuta ili nyufa zijifiche. Kwenye meza moja kijana mwenye shati la maua alimwekea kipande cha manjano kiganjani.

"Sitrini asilia hiyo, dada. Kutoka mgodini kwa mjomba wangu."

Valdete akaitazama mara moja tu. "Mgodi wa mjomba wako uko jikoni. Hii ni amethisti ya zambarau, mmeichoma ikawa manjano. Ona, rangi yote imekimbilia kwenye ncha, chini nyeupe kama mfupa. Unamdanganya nani?"

"Kama hutaki, si upite? Usinifukuzie wateja."

"Nitawafukuza wote! Jamani, njooni mwone mahindi ya kuchoma yanauzwa kwa bei ya vito!"

Watu wakacheka, na kijana akawa mdogo kama piritoni. Valdete alisema kweli tupu, hakuna wa kumbishia. Lakini wauzaji wa meza za jirani walipomwona anakuja, walifunika visanduku vyao taratibu na kumwonyesha makombo. Nani atoe kitu chake kizuri kwa mwanamke mwenye mdomo wa namna ile? Akazunguka hivyo mpaka saa saba mchana, njaa inamuuma, hata mkate mdogo wa jibini hajautia mdomoni.

Nyuma kabisa, karibu na vyoo ambako meza ni za bei nafuu, alikuwa ameketi mchimbaji mzee kutoka Bahia, aliyeitwa kwa heshima Seu Nonato, na chupa yake ya kahawa. Mezani pake palikuwa na sinia moja tu. Valdete aliinama, akainuka na jiwe, na hasira zote za siku ile zikamtoka ghafla, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Jiwe lilikuwa jangavu, safi kama maji ya kisima. Ndani yake, katikati kabisa, palikuwa na punje nyeusi, na kutoka kwenye punje ile nyuzi za dhahabu zilitawanyika pande sita. Ilikuwa nyota kamili, imefungiwa ndani ya jiwe, wala hakuna mkono wa binadamu uliogusa kazi ile.

Akalilowesha, akaligeuza, akalimulika. Halikuwa na ufa.

Sasa, kwenye meza za mawe za nchi ile kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Jiwe likiwa mkononi mwa mnunuzi lina mwenyewe; hakuna mwingine anayeruhusiwa kutaja bei, hata awe tajiri kiasi gani, hata mazungumzo yachukue siku nzima. Likirudi mezani, ni la yeyote. Watoto wa soko lile huijua sheria hiyo kabla hawajajua kusali.

Seu Nonato alitaja bei. Ilikuwa juu ya mfuko wa Valdete, naye akasema hivyo waziwazi, bila kuzungusha.

"Unalitakia nini?" mzee akauliza.

"Taji la mama yangu. Ni Malkia wa Kongo kwetu. Mwaka huu anaandamana mara ya mwisho."

Mzee alivua kofia yake akaiweka gotini. "Ngoja nimalize kahawa yangu, nifikirie," akasema. "Ila usiliweke chini, binti. Umenisikia? Usiliweke chini."

Laiti angekunywa haraka! Maana hapo ndipo alipotokea Evilásio Brandão, mwenye duka la vito kwenye uwanja wa Córrego da Prata, mwana wa nyumba ambayo Dona Efigênia aliifulia nguo kwa miaka ishirini. Aliliona jiwe kabla hajamwona aliyelishika. Hakuweza kutaja bei, sheria ilimfunga. Lakini hakuna sheria iliyomfunga mdomo.

"Valdete wa Efigênia! Nimekusikia tangu mlangoni. Nikadhani wameleta punda kwenye maonyesho."

"Niache, Evilásio. Nina jiwe mkononi."

"Naliona. La taji, sivyo? Mjini hakuna habari nyingine." Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika msibani. "Mimi sina ubaya. Lakini fedha tupu, na jiwe kama hilo, juu ya kichwa cha dobi? Hata Mungu hamumwonei haya?"

Seu Nonato akashusha kikombe. "Bwana, mwenzio ana jiwe mkononi. Tafadhali."

"Nimetaja bei mimi, mzee? Naongea na jirani yangu tu." Akasogea, sauti ameipandisha ili meza zote zisikie. "Namkumbuka malkia wetu kila Jumatatu, anaingia kwa mlango wa nyuma na beseni kichwani. Hilo ndilo lililokuwa taji lake. Tena lilimkaa sawasawa!"

Mshenzi mkubwa! Hata mimi ninayesimulia mkono unaniwasha. Lakini kama Valdete angetulia kidogo tu, angeona kwamba macho ya Evilásio hayakuwa usoni pake. Yalikuwa kwenye vidole vyake, yanasubiri. Hakuona. Alichoona ni mgongo wa mama yake umepinda, maji ya nguo yanamtiririkia shingoni, na mtu huyu akiwa mtoto anamtazama kutoka dirishani anakula keki. Damu ikampanda kichwani. Alihitaji mkono wa kumpigia, na ndio uliokuwa na jiwe.

Akaliweka jiwe mezani, akamzaba kofi.

Lilikuwa kofi hasa, lililia hata ukumbi mzima ukageuka. Evilásio aliyumba, shavu likawaka. Kisha, bila hata kujishika uso, akanyoosha mkono akaliokota jiwe.

"Seu Nonato," akasema, "bei yako nimeikubali."

"Lirudishe!" Valdete akapiga kelele. "Lirudishe, mwizi wewe!"

"Lilikuwa mezani."

Valdete akamgeukia mzee. "Seu Nonato, umemsikia alivyosema! Umeyaona yote! Mnyang'anye!"

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kikombe mkononi, kahawa imebaki funda moja. "Nilikuwa nataka kukwambia ulichukue kwa hicho ulicho nacho," akasema kwa sauti ya chini. "Maneno yalikuwa mdomoni. Binti, kwa nini umeliweka chini?"

"Basi mnyime! Jiwe si lako?"

"Miaka arobaini nauza mawe. Nikiivunja sheria hii leo kwa kuwa nakuonea huruma, kesho nani atashika jiwe mezani kwangu akaamini ni lake?"

Evilásio alilipa, akalitia jiwe mfukoni. "Litatoa hereni mbili nzuri," akamwambia Valdete akipita. "Nalipasua katikati. Nusu nyota kila sikio."

Valdete alimrukia tena, na walinzi wawili wakamtoa nje wamemshika mikono. Wauzaji wote walimhurumia. Yule kijana wa shati la maua alitema mate chini aliposikia habari ile, akasema Evilásio ni mbwa. Ni kweli alikuwa mbwa. Jiwe aliondoka nalo.

Dona Efigênia alikuwa jikoni anachambua maharagwe binti yake alipoingia mikono mitupu. Alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Alisema nini hasa huyo Evilásio?"

Valdete alikataa kulitaja neno lenyewe, mama akashikilia, mwisho akalitoa. "Alisema beseni la nguo ndilo lililokuwa taji lako."

Dona Efigênia alicheka mpaka akakohoa. "Si kweli? Lilinikaa vizuri mno! Nguo za ndani za baba yake nilizifua mimi. Siri za nyumba ile nazijua kuliko padri. Mwenye kuona haya hapo ni nani, mimi au wao?"

"Mama, amekutukana mbele za watu!"

"Amenitukana mimi. Na mimi nilikuwa hapa na maharagwe yangu, sikuumia popote." Kicheko kilikuwa kimeisha. "Nani alikutuma uumie kwa niaba yangu? Nilikutuma jiwe, Valdete. Sikukutuma kofi."

Baadaye Valdete alisema ataweka amethisti nzuri, anayo moja sandukuni, watu hawatajua.

"Uliapa kanisani," mama akasema. "Liache tundu wazi."

Jumapili ya sikukuu ngoma zililia, riboni zikapepea, na Malkia wa Kongo akapita katikati ya mji kwa mara ya mwisho, amenyooka, na taji la fedha lenye tundu mbele. Kupitia tundu lile watu waliona ngozi ya paji lake, inang'aa kwa jasho. Watoto walinyoosha vidole. Mlangoni mwa kanisa, ajuza mmoja wa udugu, Dona Ermelinda, ambaye vijiko vyake sita vilikuwa ndani ya taji lile, alimshika Valdete mkono.

"Mwanangu, na jiwe liko wapi?"

Valdete alifungua mdomo amweleze: Evilásio, punda, dobi, beseni, hereni. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yanachemka kifuani. Akamtazama mama yake anavyopanda ngazi za kanisa polepole, akaufumba mdomo. Kisha akaufungua tena.

"Nilikuwa nalo mkononi, Dona Ermelinda," akasema. "Nikaliweka chini ili nimpige mtu."

Ajuza hakuuliza ni mtu gani, wala alikosa nini. Alimwachia mkono tu, akaingia kanisani na wengine. Na Valdete akabaki pale nje na haki yake yote, akijua sasa kwa nini wahenga hawakuona haja ya maneno mengi waliposema: hasira, hasara.