Njia Aliyoiziba Vuai

Paukwa! Itikieni pakawa, au niende zangu.

Vuai aliiziba kwa miiba njia ya wahenga iendayo kisimani. Watoto wakalia kiu. Jirani yake, Bi Mize, akamsihi: "Baba, tufungulie njia."

"Hapa hapana njia!"

Njia yenyewe ikanena chini ya miiba: "Vuai, nifungue."

"Hapa hapana njia!"

Ikanena tena, ardhi ikatetemeka. Akaitemea mate: "Hapa hapana njia!"

"Haya." Njia ikajinyonganyonga kama chatu, ikahama, ikauzunguka ua wake.

Kulipokucha Vuai akatoka. Kila alikokwenda, akajikuta mlangoni pake. Kiu ikamkaba, akapiga ukelele: "Bi Mize! Nionyeshe njia!"

Bi Mize alikuwa akipita nje ya ua, ndoo imejaa kichwani. "Hapo hapana njia, baba."

Anaita mpaka leo. Msimwitikie.