Chakula cha Luhende

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana hata aliyenisimulia hakuulizwa, palikuwa na mji uitwao Itwelele, mji wa chumvi. Watu wa huko walichota maji ya chumvi visimani, wakayachemsha vyunguni mpaka yakakauka, wakaipeleka chumvi nchi za mbali. Lakini penye kitamu hapakosi nzi. Nzi wa Itwelele aliitwa Bwana Kapalata.

Kapalata hakuchota maji, hakukata kuni, hakuchochea moto. Ila kila chungu kilichokauka alitaka fungu lake. Aliyetoa, alilala usingizi. Aliyekataa, alitembelewa na Luhende.

Luhende, yatima aliyelelewa na Kapalata, ndiye aliyekuwa mkono wake. Silaha yake ilikuwa gobore, na gobore mnalijua: likishalia mara moja basi, mpaka ulishindilie upya. Mwenye gobore hana risasi ya kubahatisha. Luhende hakubahatisha.

Lakini kilichowaogofya watu zaidi si gobore. Luhende hakula kwa mtu. Itwelele ilikuwa na mwiko wake: ukishakula ugali wa nyumba, hunyanyui mkono juu ya mtu wa nyumba hiyo. Naye Luhende, asiyejua kesho angetumwa kwa nani, alijipikia mwenyewe, akala mwenyewe. Ukimkaribisha, alisema, "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo lake lilinguruma ukalisikia.

Sasa, karibu na visima palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi, muuza chakula. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, na Luhende akajibanza barazani kwake. Paa likawa linavuja juu ya gunia la unga. Luhende hakungoja kuombwa. Aliingia, akalibeba gunia, akaliweka pakavu, akatoka, akaendelea kungoja mvua. Basi, ni hilo tu. Nyamizi akampenda. Mnacheka? Nyie wengine mmependwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Tangu siku ile, kila mchana, Nyamizi alimwekea sahani: ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, akaifunika kwa kawa. Luhende akipita, Nyamizi husema, "Karibu, Luhende."

"Ahsante, nimeshiba."

Kesho yake tena. "Karibu, Luhende."

"Ahsante, nimeshiba."

Jioni Nyamizi alifunua kawa akala mwenyewe, kimepoa. Chakula cha kumngojea mtu hakina ladha, lakini hakitupwi. Wenzake wakamcheka. "Nyamizi, unampikia mzimu!" Naye akajibu, "Mzimu huyu ana njaa, namwona." Miaka ikapita hivyo, na hamu yake haikupungua hata kidogo. Hakutaka makubwa. Alitaka kumwona anakula.

Nyamizi alikuwa na mdogo wake wa kiume, Mihayo, mchemsha chumvi. Huyu Mihayo ndiye aliyesimama siku moja mbele ya watu akamwambia Kapalata, "Bwana, chumvi hii ni jasho langu. Fungu lako leo halipo, na kesho halitakuwapo." Kapalata akacheka. Mkimwona mtu wa namna ile anacheka, fungeni milango. Akamwita Luhende faraghani, akamwambia, "Kesho mchana, pale pale visimani, watu wote waone. Nami nitaleta kiti changu niketi nitazame."

Nyamizi hakujua lolote. Mchana ule alipika kama kawaida, akaweka sahani, akafunika kawa. Luhende akaja na gobore lake begani.

"Karibu, Luhende," alisema, na alikuwa ameshageuka kuendelea na kazi, kwa kuwa jibu alilijua.

"Ahsante," akasema Luhende. Akaishia hapo.

Nyamizi akageuka. Luhende alikuwa ameegemeza gobore mlangoni. Akaketi mkekani, akanyoosha mikono, Nyamizi akammiminia maji. Akala. Alikula polepole, tonge kwa tonge, akamaliza ugali, akamaliza na mboga, akafuta sahani kwa kidole. Nyamizi alisimama hajui mikono yake aiweke wapi.

"Kesho niwekee tena," akasema Luhende.

"Kesho na keshokutwa!" Nyamizi akacheka kama msichana.

Luhende akachukua gobore akaenda zake. Nyamizi bado ameishika sahani tupu, akasikia mlio.

Alikimbia. Visimani alimkuta Bwana Kapalata yuko chini, amekufa kwa risasi, na kiti chake juu yake. Alimkuta Mihayo amesimama mzima. Akamkuta Luhende amelala kando ya chungu, amekatwakatwa na walinzi wa Kapalata, na walinzi wenyewe wamekwisha kutimka, maana aliyekuwa akiwalisha hayupo. Nyamizi akakipakata kichwa cha Luhende. Alikuwa amechelewa.

Kesho yake ikawa ya maziko, na hapo ndipo mambo yakakwama. Luhende hakuwa na ndugu. Wakaja watani zake, Wazaramo waliohamia mjini, maana maiti ya Mnyamwezi kama yeye haiendi kaburini bila mtani kupata chake. Mkubwa wao aliitwa Pazi. Akavaa koti la marehemu, akaweka fimbo begani kama gobore, akatembea mwendo wa Luhende, bega moja chini kidogo. Watu wakacheka huku wanalia. Nyamizi aliuona ule mwendo akasahau kwamba ni mchezo, akanyanyuka alipokaa. Kisha akakumbuka, akaketi tena.

"Mimi Luhende!" Pazi akanguruma. "Mji mzima nimeuchimbisha makaburi, langu halina mwenyewe! Asiye na ndugu huzikwa na mtu ambaye marehemu alikufa kwa ajili yake. Haya, Wanyamwezi, wala panya nyie, semeni! Nimekufa kwa ajili ya nani? Mkikosea narudi na gobore!"

Nyamizi akasimama.

"Ni kwa ajili yangu," akasema. "Miaka yote hakula kwa mtu, jana alikula kwangu. Alijua Mihayo ni ndugu yangu. Alijua ukila kwa mtu mkono umefungwa. Alikula ili ajifunge. Nami nataka alale uani kwangu, nyuma ya jiko, nimsikie."

"Atakupigia kelele kutaka chumvi!" akasema Pazi. Watu wakacheka.

Akasimama Bi Kalunde, mjane mzee wa mjini.

"Mwanangu Nyamizi, sikupokonyi," akasema. "Lakini jana asubuhi, kabla hajafika kwako, mimi nilimwita Luhende nyumbani. Nilimwonyesha kaburi la baba yake, alilolichimba marehemu mume wangu kwa siri. Nikamwambia aliyemuua baba yako ndiye aliyekulea, ni Kapalata. Nilikuwa nimenyamaza muda wote huo kwa hofu. Alikaa pale kaburini, kisha akauliza, 'Baba alipenda kula nini?' Basi, mwanangu, kama ni mapenzi tu, si angelitupa gobore akakaa mkekani kwako? Aliyegeuka akamlenga Kapalata aligeuzwa na damu. Damu si maji. Alale kando ya baba yake, uani kwangu."

Nyamizi alikumbuka Luhende alivyofuta sahani kwa kidole. Kumbe njaa ile alitoka nayo kaburini.

Mihayo akasimama, macho chini.

"Dada, nisamehe. Bibi, nisamehe. Maneno yenu yote ni kweli, lakini nyie hamkuwapo. Alikuja akaninyanyulia gobore. Alikuwa amekwisha kula kwa dada, amekwisha kuliona kaburi la baba yake, na bado alininyanyulia gobore! Nililiona tundu lake. Nikamwambia, 'Luhende, sikuombi uhai. Nikishakufa, mpelekee dada kuni, peke yake haziwezi.' Akaniangalia. Nadhani maisha yake yote hakuna aliyemtuma kitu kingine ila kuua. Akasema, 'Nitampelekea.' Ndipo akageuka. Neno langu ndilo lililomgeuza. Azikwe hapa visimani nilipokuwa nife mimi, na mtoto wangu atakayezaliwa achukue jina lake."

"Mihayo," akasema Bi Kalunde, "labda alinyanyua gobore kwako ili Kapalata asishtuke. Risasi moja, mwanangu. Angekosea angefanyaje?"

"Na kuni?" akajibu Mihayo. "Mbona aliniahidi kuni?"

"Kuni za nani?" akauliza Nyamizi. "Kuni za nani, Mihayo? Si zangu?"

Watu wakagawanyika. Wengine walisema mapenzi, wengine damu, wengine neno la Mihayo. Palikuwa hata na mmoja aliyesema Luhende alichoka tu, na mtu akichoka hana sababu; huyo alizomewa akaondoka.

Nyamizi hakubishana tena. Alichokiogopa hakikuwa kunyimwa kaburi. Aliogopa kwamba jana mtu yule alikuwa anaaga tu, na kwamba angeliweza kuaga kwenye sahani ya yeyote. Moyo wa mtu ni kichaka, na mwenye kichaka chake alikuwa amelala pale amefunikwa shuka. Ila alikumbuka alichoambiwa. Kesho niwekee tena. Na kesho ndiyo ile.

Akaenda zake. Watu wakadhani amekubali kushindwa. Aliporudi alikuwa na sahani chini ya kawa. Akaiweka karibu na maiti, akafunua, mvuke ukapanda.

"Karibu, Luhende," akasema.

Pazi alikuwa bado amevaa koti. Kazi ya mtani ni kumjibia marehemu, na watu wote walimtazama wakingoja aseme "ahsante" au aseme "nimeshiba." Pazi akaitazama sahani. Akalivua koti polepole, akalikunja, akachukua jembe.

"Kucheka nimecheka," akasema. "Bado kuchimba. Niambieni nichimbe wapi."

Basi, ndugu zangu, jembe liko mkononi mwa Pazi, jua linateremka, na chakula kinapoa. Nyamizi anataka mtu wake alale nyuma ya jiko. Bi Kalunde anataka mwana alale kando ya baba. Mihayo anataka alale pale alipomwachia uhai. Nyie mliozoea kuamua mambo ya watu, hebu amueni: Luhende aligeuza gobore lile kwa ajili ya nani? Na je, nani alistahili kumzika?