Mkawasi na Zimwi Lililofyonza Mvua

Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, katika nchi kavu ya vumbi jekundu, alikuwako mwanamke aitwaye Mkawasi. Aliishi na mama yake, kizee asiyeweza tena kutembea.

Mvua ya huko ilikuwa chache. Na kila iliponyesha, zimwi lilishuka mlimani, likalala kifudifudi, likafyonza maji yote yanayotiririka. Fyo! Fyo! Fyo! Kisha likarudi zake kulala, na mtama ukakauka mashambani.

Basi watu wakachoka, wakahama.

"Mwanangu, nenda nao," mama akasema. "Niache mimi."

"Siendi, mama."

"Tutakula nini?"

Mkawasi akatoka kwenda kutafuta chochote cha kula.

Siku moja akaona mche wa mtama, kijani kabisa, umeota ndani ya alama ya kwato la ng'ombe, penye samadi. Akachokonoa udongo kwa kidole. Kumbe una unyevu!

Basi akashika jembe. Akachimba shimo, akatia samadi na mbegu, akatandaza nyasi. Akachimba, akatia, akatandaza. Akachimba, akatia, akatandaza, hata shamba lote likajaa mashimo.

Mvua ikanyesha. Maji yakazama mashimoni, chini ya nyasi. Zimwi likashuka, likalala kifudifudi. Fyo! Tope. Fyo! Tope. Fyo! Tope tupu.

Likaja mlangoni likinguruma. "We mwanamke! Maji yangu yako wapi?"

Mkawasi akatoka nje. "Babu, yameshanywewa."

"Nani kayanywa? Nitammeza!"

"Rudi wakati wa mavuno, nitakuonyesha."

Likarudi limekonda, midomo imepasuka kwa kiu. Mtama ulikuwa umesimama, masuke yameinama kwa uzito.

"Huyu ndiye aliyeyanywa," akasema Mkawasi, akiunyooshea mtama kidole.

Zimwi likakasirika, likapanua kinywa liwameze yeye na mama yake.

"Keti kwanza, baba," kizee akasema pale mkekani. "Uji wa mtama umeiva."

Zimwi likaduwaa. Halijapata kukaribishwa na mtu. Likaketi, likanywa kibuyu cha kwanza, likanywa cha pili, likanywa cha tatu. Likashiba, mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Likalitazama shamba.

"Mwakani mtachimba tena?"

"Tutachimba, babu."

"Kucha zangu ni ndefu kuliko jembe," likasema zimwi taratibu.

Waliohama waliporudi, walikuta mashimo yamefika hadi chini ya mlima.

Hadithi yangu inakomea hapo. Nanyi watoto, mvua ikiwa chache, ikamateni palepale inapoangukia.