Usingizi wa Mgagani

Paukwa!

Pakawa!

Sufuria?

Jikoni!

Na mboga?

Mafigani!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na kijiji kikiitwa Makorongo. Watu wa Makorongo walikuwa wakulima hodari, na sifa yao kubwa ilikuwa usafi wa shamba. Bibi arusi akiolewa huko, hapimwi kwa sura wala kwa ukoo. Hupimwa kwa palizi. Akimaliza kupalilia, mama mkwe hupita katikati ya matuta, mikono mgongoni, na kila gugu analoliona limesahauliwa hulichuma na kulichomeka kichwani mwa bibi arusi. Kisha hutoka shambani hivyo hivyo, mbele ya watu. Wako mabibi arusi waliorudi nyumbani wamechanua kama kichaka!

Basi wanawake wa Makorongo walipalilia kwa hofu. Waling'oa, waling'oa, waling'oa.

Katika magugu hayo palikuwa na moja lililoitwa mgagani. Mnaujua mgagani? Majani yake yametanuka kama vidole vya mkono, maua yake meupe, na ukiushika, harufu yake inalala nawe mpaka asubuhi. Ni mchungu. Lakini uchemshe, maji ya kwanza uyamwage, kisha utie karanga zilizotwangwa, uone kama kuna mtu atakayesema neno kabla sahani haijaisha. Na huko Makorongo, mgagani ulikuwa mboga ya mzazi. Mwanamke akijifungua, mama mkwe humpikia. Mzazi hula, damu inarudi, maziwa yanashuka.

Hakuna aliyeupanda. Nani apande gugu? Ulijiotea wenyewe, nyuma ya mazizi na kando ya majalala. Na kwa kuwa ulijiotea, watu walidhani utajiotea milele. Wakaendelea kung'oa. Siku moja wakatazama huku, wakatazama huko, haupo tena.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke kijana, jina lake Sikudhani. Alikuwa na haya kupita kiasi. Akiitwa, aliitika kwa macho. Sauti yake ilikuwa ndogo hata kuku wake mwenyewe hawakumsikia akiwaita kula. Alipomzaa mtoto wake wa kwanza, Zawena, mgagani ulikuwa umekwisha kutoweka. Mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, alitafuta mpaka miguu ikavimba, akarudi na kikapu kitupu. Maziwa ya Sikudhani yakakataa kushuka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Aliyemwokoa ni jirani, Bi Somoe, aliyekuwa akinyonyesha wakati huo. Akampa Zawena ziwa moja na mwanawe ziwa la pili.

Miaka ikapita. Sasa Bi Somoe alikuwa amehamia ng'ambo ya mto na mumewe. Naye Sikudhani alikuwa na mimba nyingine. Alipokuwa peke yake alishika tumbo akajiuliza, "Safari hii, mwanangu, utanyonya kwa nani?"

Siku moja, mvua zikiwa zinaishia, alikwenda kuokota kuni nyuma ya zizi bovu la mbuzi. Akasikia harufu. Akasimama. Akainama. Lo! Mgagani mmoja, mrefu, majani yamekwisha kunyauka, lakini umebeba maganda membamba kama masharubu ya paka, na ndani yake mbegu nyeusi. Sikudhani akazipokea zote katika upindo wa kanga yake. Akakimbia nyumbani.

Akapanda siku ile ile. Alizipanda vipi? Kama mtu wa Makorongo apandavyo kila kitu: jembe juu, jembe chini, shimo la mahindi. Akatia nusu ya mbegu, akafukia, akashindilia kwa unyayo. Kisha akaimba kwa sauti yake ndogo:

"Mgagani toka, mgagani toka,
mgeni wangu yuaja,
mgagani toka."

Akangoja. Kimya. Hata kijani cha kumdanganya jicho hakikutokea.

Wifi yake, Mashavu, akapita, akamkuta amechuchumaa anatazama udongo. Mashavu alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi.

"Wifi! Umedondosha pete?"

"Hapana, wifi. Nimepanda mgagani."

"Umepanda gugu?" Mashavu akashika kiuno. "Jamani, njooni mwone! Watu wanang'oa, huyu anapanda! Kesho utafuga kunguru, wifi, keshokutwa utachunga panya!"

Sikudhani akajifunika uso kwa kanga. Lakini hakuacha. Akasema moyoni, pengine sikuzitunza vizuri. Akachukua zile mbegu zilizobaki, akazilaza kwenye shimo lingine, akazirundikia samadi ya mbuzi mpaka pakawa kichuguu, na maji akamwaga asubuhi na jioni. Akaimba:

"Mgagani toka, mgagani toka,
mgeni wangu yuaja,
mgagani toka."

Kimya. Palipoota ni uyoga tu.

Kiangazi kikaja. Tumbo likakua. Mbegu hana tena hata moja. Sikudhani akaona, watu hawajui, heri niulize wasio watu. Akamwendea Mbuzi.

"Hodi, Mbuzi. Wewe umeula mgagani miaka yote. Huoteshwaje?"

Mbuzi akatafuna, akatafuna, akameza. "Mama Zawena, mimi hula. Kuotesha si kazi yangu. Muulize Kanga, yeye anachakura udongo kila siku."

Akamfuata Kanga vichakani. "Hodi, Kanga. Wewe unaujua udongo. Mgagani huoteshwaje?"

"Mimi huchakura," Kanga akasema, na huku anachakura. "Nikiona mbegu naimeza. Kuotesha si kazi yangu. Waulize Sisimizi, wao wana ghala. Na ukiwaona waambie wasinisengenye!"

Akaenda mpaka kwenye tundu la Sisimizi. Akapiga magoti kwa shida, kwa sababu ya tumbo. Mstari wao ulikuwa unaingia na kutoka, kila mmoja na mzigo wake kichwani.

"Hodi, wenyewe. Mgagani huoteshwaje?"

Akatoka Sisimizi mmoja mzee, kiuno chembamba, sauti nzito. "Mbegu ulizipata?"

"Nilizipata."

"Ulizipanda lini?"

"Siku ile ile niliyozichuma. Sikuzichelewesha hata kidogo."

Wacha Sisimizi wacheke! Walicheka mpaka mizigo ikawaanguka, mstari ukaharibika, waliokuwa ndani wakatoka kuuliza kuna nini. Sikudhani akataka kujifunika uso. Yule mzee akasema, "Ngoja, mwanangu, usione haya. Je, wewe umezaa?"

"Nina mmoja, na wa pili yu njiani."

"Mtoto akizaliwa leo, kesho unampa jembe?"

"Mimi? Hata!"

"Unamfanya nini?"

"Namwacha alale."

"Na akilala, unamrundikia magunia juu?"

"Si atakosa pumzi!"

"Unamwamsha kwa kumwagia maji?"

Sikudhani akafumba macho. Akaona shimo lake la mahindi. Akaona kichuguu chake cha samadi. Akaona vile vibuyu vya maji vya asubuhi na jioni. Polepole akaanza kucheka, kicheko chake kidogo kisichosikika.

"Kumbe imelala," akasema.

"Imelala," Sisimizi akasema. "Kunde ukiivuna leo, kesho inaota. Mgagani hautaki hivyo. Mbegu yake ikitoka kwa mamaye inalala kiangazi kizima mahali pakavu. Sisi tunaiweka ghalani. Tunayoichoka tunaitupa hapa mlangoni, juu juu, gizani mwa takataka. Mvua ikija inaikuta imekwisha kulala usingizi wake wote. Hatupandi sisi. Tunatupa tu."

"Babu, nami mbegu sina tena."

"Sisi tunazo za mwaka jana. Lakini cha bure hatutoi. Nyinyi wanawake wa Makorongo mkipepeta nafaka, mnafagia hapo hapo, hamtuachii hata chenga. Watoto wetu wanalala njaa kwa ajili ya usafi wenu. Tuachie uwanja wako bila kufagiwa mpaka mvua ianze, nasi tutakupa mbegu."

Hapo Sikudhani akashika kichwa, maana kwa Makorongo, uwanja usiofagiwa ni aibu kuliko nguo iliyochanika. Lakini akamkumbuka Zawena akilia bila sauti. Akasema, "Nitauacha."

Basi akauacha. Makapi yakalala uwanjani, chenga zikalala uwanjani, majani yakaja yenyewe na kulala uwanjani. Majirani wakipita waliziba pua ingawa hapakuwa na harufu. Bi Mwanamvua akaja, akasimama mlangoni, hakuketi.

"Mkwe wangu, ufagio umekufa?"

"Upo, mama."

"Basi ni mgongo?"

"Si mgongo, mama. Nakuomba univumilie mpaka mvua."

Bi Mwanamvua akamtazama muda mrefu. Akaondoka bila kusema, na huko kutosema kulimuuma Sikudhani kuliko kusemwa. Lakini Sisimizi walikuja mistari na mistari, wakabeba chenga, na mawingu yalipoanza kukusanyika wakamletea mbegu nyeusi, punje kwa punje, mpaka kiganja kikajaa.

Safari hii hakuchimba. Alikwenda kwenye lile zizi bovu, ardhi ilipokuwa nyeusi kwa samadi ya zamani. Akazitawanya juu juu, akapitisha tawi la majani kama mtu anayemfunika mtoto shuka nyepesi. Wala hakuita. Aliimba kama waimbavyo mama:

"Mgagani lala, mgagani lala,
mvua itakuamsha,
mgagani lala."

Mvua ikanyesha. Akaenda asubuhi ya kwanza, hakuna. Asubuhi ya pili, hakuna. Asubuhi nyingine akaenda, akadhani macho yanamdanganya. Udongo ulikuwa na vijani vidogo, vingi, vimesongamana kama watu wa ngoma. Sikudhani akaketi chini palepale kwenye matope, akalia, akacheka, akalia.

Mgagani ukakua. Ukafika kifundo cha mguu, ukafika gotini. Naye Sikudhani akawa mzito, siku zake zimewadia, kutembea ni kwa kushika ukuta.

Sasa sikilizeni. Mashavu, pamoja na ulimi wake wote, moyo alikuwa nao. Siku moja akasema, "Wifi yangu maskini, uwanja umemshinda, na nyuma ya zizi magugu yamemfika magotini. Akijifungua, watu wakija kumwona mtoto watasema nini? Ngoja nikamsafishie." Akachukua jembe lake kali, akaenda.

Sikudhani alikuwa amekaa kizingitini. Akasikia, kwa! Jembe. Akageuza shingo. Akaona mgongo wa Mashavu umeinama, na mche wa kwanza umelala chini. Jembe likapanda tena. Kwa! Mche wa pili.

Angekimbia, lakini miguu haikuweza. Angemwita mtu, lakini hakuwapo mtu. Jembe likapanda mara ya tatu, na hapo Sikudhani, yule ambaye kuku hawakumsikia, akafungua kinywa:

"ACHAAA!"

Ndege waliondoka kwenye miti. Mbuzi alikata kamba. Wanaume waliokuwa wakilima ng'ambo ya bonde walisimama, wakaulizana, nani amefiwa? Mashavu alitupa jembe kule, akaanguka kitako.

"Wifi! Ni wewe?"

"Ni mimi! Usiguse! Hiyo ni mboga ya mwanangu!"

Bi Mwanamvua alikuja mbio, kilemba mkononi. "Mtoto amekuja? Mtoto yuko wapi?" Akafika zizini, akamwona Mashavu ameketi kwenye matope. Akataka kusema, lakini upepo ukapita. Akanusa. Akanusa tena. Akainama, akachuma jani moja, akalifikicha, akaliweka puani, na yule mama ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, machozi yakamtoka.

"Mgagani," akasema. "Mashavu, umeujua huu?"

"Mama, mimi nimeona magugu tu."

"Sisi sote tuliona magugu tu." Akamgeukia Sikudhani aliyekuwa bado kizingitini, anatetemeka kwa sauti yake mwenyewe. "Nani amekufundisha?"

"Sisimizi, mama. Walitaka uwanja usifagiwe."

Bi Mwanamvua akautazama uwanja. Kisha akasema, "Mashavu, inuka. Ile miche uliyoikata ichume majani yake yote, lisipotee hata moja. Na huo uwanja, asiufagie mtu."

Ikawa kama mtoto alikuwa ndani akingoja kusikia hayo. Jioni ile uchungu ukamshika Sikudhani, na alfajiri akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye hasira. Bi Mwanamvua akateleka chungu, akachemsha mgagani, akamwaga maji ya kwanza, akatia karanga. Akaupeleka chumbani mwenyewe, akaketi kitandani, akamlisha mkwewe kwa mkono wake. Sikudhani akala. Siku ya kwanza, mtoto akanyonya akalia. Siku ya pili, mtoto akanyonya akalia, na Bi Mwanamvua akawa anatembea ukumbini bila viatu, huku na huko, huku na huko. Siku ya tatu Mashavu akiwa amekaa mlangoni akasikia mtoto anameza: gu, gu, gu. Halafu akakohoa, kwa kuwa maziwa yalikuwa yamemzidi.

"Mama!" Mashavu akaita. "Anapaliwa! Maziwa yanampalia!"

Bi Mwanamvua akaacha kutembea. Akaketi chini bila mkeka, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ndani, mtoto alikuwa ameshiba, amelala mdomo wazi, tone la maziwa kidevuni, na mamaye amelala naye. Hakuna aliyewaamsha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba nayo alale, asiyeshiba akaulize tundu la Sisimizi.