Kamba Tatu za Pikapu Moja

Kaeni vizuri, mkae na akili zenu, maana mwishoni mtaulizwa, na hapa hakuna wa kujibiwa na jirani yake.

Walikuwapo watu watatu katika kijiji cha Kwamrindi, huko juu milimani Upare, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mzee Kiondo alikuwa mchuuzi wa tangawizi. Akiinua gunia kwa mkono mmoja anakutajia kilo zake, na mzani ukiletwa unakubaliana naye. Bi Namsifu alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu. Karatasi yenye uongo aliijua hata kabla hajavaa miwani. Fundi Mchome alikuwa na sikio. Gari likipanda mlima, yeye yuko kwake anakunywa uji, anakuambia ni la nani na linaumwa wapi.

Nakijwa, mama Niwaeli, hakuwa na kipaji cha kutangaza. Alikuwa na mume, Elinihaki, na mume alikuwa na pikapu ya kubebea tangawizi.

Siku moja gogo la mkaratusi likamwangukia Elinihaki, likamvunja mguu chini ya goti. Jirani akamteremsha kwa pikapu hiyohiyo hadi hospitali, akairudisha. Hospitali ikataka fedha. Elinihaki akiwa amelala pale akauma meno, akamwambia mkewe, "Uza gari."

"Nimuuzie nani?"

"Yeyote. Unataka nitambae?"

Sasa mjue desturi ya Kwamrindi. Mtu akinunua ng'ombe na fedha hazijatimia, anaacha arubuni, na mwenye ng'ombe anamkabidhi kamba. Kamba inaondoka, ng'ombe anabaki. Hakuna karatasi wala shahidi. Mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe mpaka siku waliyopatana, na hajawahi kutokea mtu wa kutoa kamba mbili, kwa sababu ng'ombe hana kamba mbili. Gari, kumbe, linazo nyingi.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Kiondo. Walikubaliana bei, milioni tisa. Akaacha milioni moja arubuni, akasema zilizobaki ataleta Ijumaa, tangawizi yake ikishalipwa.

"Kamba yangu iko wapi, mama Niwaeli?"

Nakijwa akatazama gari huku na huku. Halina shingo. Akampa ufunguo. Milioni ile ikamlaza Elinihaki kitandani, ikalipa picha za mfupa na dawa za maumivu.

Ijumaa ikaja, Kiondo hakuja. Hospitali ikasema mfupa hauungi bila chuma, na chuma hakiwekwi kwa ahadi. Jumamosi akaja Bi Namsifu, ameshikilia mwavuli na mkoba.

"Kuna mtu mwingine ameacha arubuni?"

"Yupo, dada. Lakini siku yake ilikuwa jana."

"Basi imempita." Naye akaacha milioni moja. "Na kamba sitaki ya chuma. Nipe kadi ya gari. Gari ni karatasi, mwanangu, mengine ni mabati." Nakijwa akampa kadi. Milioni ile ikanunua chuma, Elinihaki akapasuliwa, mfupa ukaungwa.

Jumatatu Kiondo akapiga simu kwamba mnunuzi wake wa Same alimchelewesha, ila fedha ziko njiani. Nakijwa hakumwambia kitu. Siku ileile hospitali ikasema mgonjwa amepona vya kutosha kwenda nyumbani, ila hatoki wala hapewi dawa za kidonda mpaka deni lililobaki liishe. Jioni akaja fundi Mchome, akafungua boneti, akaweka sikio karibu na injini iliyozimwa kama anayeisalimia.

"Shemeji, hili gari nimelitibu mimi miaka sita. Haliwezi kwenda kwa mtu mwingine."

Mchome hakuuliza kama kuna mwenye arubuni. Hakuulizwa Nakijwa, hakusema Nakijwa. Mnaguna? Guneni. Mume wake alikuwa amefungiwa wodini kama mbuzi aliyekula shamba la watu. Fundi akaacha milioni moja, na kamba aliichagua mwenyewe, akafungua betri akaondoka nayo begani. Milioni ile ikamtoa Elinihaki, akarudi nyumbani na magongo.

Katika wiki ile, basi, mguu uliokolewa na watu watatu. Ungemtoa mmoja, ungeoza.

Wiki ya tatu siri ikatoka, kama zinavyotoka, kisimani. Watatu wakajua kwamba ni watatu. Kiondo akaja na milioni nane ndani ya mfuko wa sukari, Namsifu akasema anazo benki, Mchome akauza ng'ombe wake wawili, akaongeza akiba, akazipata. Nakijwa akawaambia, "Kubalianeni ninyi, nimuuzie mmoja, wawili niwarudishie arubuni zao." Hawakukubaliana. Kila mmoja akarudi na kamba yake nyumbani, akaificha, na gari likabaki uani, kuku wanalitagia.

Halafu kidonda cha Elinihaki kikabadilika. Jumamosi kilikuwa kinauma. Jumapili asubuhi kilikuwa kinanuka, mguu umevimba kama mgomba, na mwenyewe anaongea na marehemu baba yake. Magari ya kuteremka Same hupanda Kwamrindi siku za gulio tu, Jumanne na Ijumaa. Gari lililokuwapo ni lile la uani.

Nakijwa akapiga simu tatu. Na wote walikuja, msije mkasema hawakuja! Saa moja na nusu walikuwa wamesimama kuzunguka pikapu. Mchome amekuja na betri juu ya toroli. Namsifu mkoba kwapani. Kiondo mkono mfukoni, mfukoni ufunguo.

"Funga betri, fundi," Nakijwa akasema. "Baba Niwaeli anakwisha."

"Nafunga, shemeji. Lakini nikishafunga, huyu mzee anawasha, na akifika Same halionekani tena. Atangulize ufunguo."

"Nikupe ufunguo wewe dereva?" Kiondo akasema. "Na kadi anayo huyu mama? Mkifika mjini si mnabadili jina kabla sijapata chai! Kadi kwanza."

"Kadi naitoa," Bi Namsifu akasema, "lakini simpi mdai mwenzangu. Aishike mwenyekiti wa kijiji. Na betri iwe imeshafungwa mbele yangu."

"Mwenyekiti yuko kanisani!" Nakijwa akapiga kelele.

"Basi aitwe."

"Jamani, mtu anaoza humo ndani!"

"Ndiyo maana tufanye haraka," Kiondo akasema, mkono bado mfukoni.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, na siku ile ndiye aliyekuwa anasoma matangazo. Walimsubiri amalize. Alipofika, Bi Namsifu akasema mambo ya kuaminiana ndiyo yaliyowafikisha pale, kwa hiyo iandikwe hati. Akaiandika yeye, kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Kiondo akataka iongezwe kwamba kumpeleka mgonjwa si kukabidhiana gari. Ikaongezwa. Mchome akataka iandikwe kwamba betri ni yake kwa muda. Ikaandikwa. Nakijwa alisimama mlangoni, anasikia kalamu upande huu na mumewe upande ule, na akawa anajiambia moyoni kwamba kamba zote tatu zilitoka mkononi mwake. Akatamani wamtukane. Hakuna aliyemtukana, walikuwa wanasoma.

Waliposaini, kivuli cha gari kilikuwa chini ya gari. Betri ikafungwa, ufunguo ukazungushwa, pikapu ikawaka mara moja bila hata kukohoa. Mchome akaendesha vizuri sana, mgonjwa hakurushwa hata kwenye makorongo. Wote watatu walikuwamo, wanalindana.

Daktari akafunua kidonda, akauliza kilianza kunuka saa ngapi. Akaambiwa. Akatazama saa yake ya mkononi.

"Mngefika asubuhi," akasema, na hakuongeza neno.

Mguu ukakatwa juu ya goti. Chuma cha milioni moja kikatoka nao.

Mnaona sasa. Waliouokoa ni watatu, kila mmoja kwa kipimo kilekile. Na walioupoteza ni walewale watatu, kwa kipimo kilekile.

Elinihaki aliporudi, baraza likakaa uani kwake. Mwenyekiti akatandika mkeka, akasema kila mtu aweke kamba yake juu. Ufunguo ukawekwa, kadi ikawekwa, betri ikawekwa.

"Mimi ni wa kwanza," Kiondo akasema. "Nilichelewa, kweli. Kuna mtu humu hajawahi kucheleweshwa fedha zake?"

"Mimi niliuliza," Bi Namsifu akasema. "Nikaambiwa ukweli, nikatoa fedha juu ya ukweli. Huyu siku yake ilikuwa imepita, na huyu hakuuliza hata kidogo."

"Mimi sikumpita mtu yeyote, sikujua kama kuna mtu," Mchome akasema. "Na nimeuza ng'ombe. Ninyi mmeuza nini?"

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Kamba huwa inasemwa na aliyeitoa. Mama Niwaeli, gari ni la nani?"

Nakijwa akafungua mdomo, lakini mumewe akamtangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini.

"Nauliza kitu kimoja tu," akasema. "Asubuhi ile, yupi alisema 'chukueni' bila kusema 'lakini'? Huyo apewe."

Bi Namsifu akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kiondo akatazama ufunguo. Fundi, mwenye sikio kushinda kijiji kizima, akajifanya hakusikia.

"Basi mpe unayemtaka," Elinihaki akamwambia mkewe. "Ila asilipitishe mbele ya nyumba hii."

Barabara ya kijiji ni moja tu, na inapita mbele ya nyumba hiyo.

Nakijwa akainama juu ya mkeka. Mmoja lazima apewe gari alipe zilizobaki, na katika hizo wawili warudishiwe zao, na hospitali ilipwe kwa kukata kama ilivyolipwa kwa kuunga. Akagusa ufunguo, akauacha. Akagusa kadi, akaiacha. Betri ilikuwa nzito, hakujaribu kuiinua. Bado ameinama pale.

Haya, wenye midomo. Wewe unayesema wakose wote, tuambie kwanza milioni tatu zinarudi kutoka wapi. Wewe unayesema kosa ni la mwanamke, umesema kweli, lakini hujajibu, maana yeye si mnunuzi. Vitu vitatu viko kwenye mkeka na mkono ni wako. Unamwinulia nani kipi, na utamwambiaje mwenye mguu mmoja, gari litakapopita?