Milango Iliyogoma Kufungwa

Wapendwa, palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu katika kijiji kilichojibana chini ya mlima. Huyu bwana alikuwa ameandika historia ya kijiji chao, na kila nyumba ilikuwa na nakala. Akipita njiani watu wanamwamkia mara mbili mbili, na kichwa kikamvimba kidogo.

Asubuhi moja mlango wake ukakataa kufungwa. Akachukua randa, akaupunguza, ukafunga vizuri. Kesho yake ukakwama tena, akaupunguza tena. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, mlango ule ukafunguka wenyewe, taratibu, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba.

"Nani huyo anaingia?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Hakuna mtu."

"Mbona na huu wa huku umefunguka?"

Akatoka nje. Mlango wa jirani wazi. Wa jirani wa pili wazi. Mteremko mzima nyumba zimefungua milango, kana kwamba zinamkaribisha mgeni mmoja asiyeonekana. Ndipo alipomkumbuka bibi mmoja, sasa marehemu, ambaye yeye mwalimu alimhoji zamani, akiandika kitabu chake, kuhusu maporomoko ya ardhi yaliyowahi kuua watu sabini pale pale.

"Wiki ile, mwanangu, milango yetu iligoma kufungwa," bibi alimwambia. "Tukamlaumu fundi wa watu. Kumbe ardhi inatembea chini yetu! Andika na hilo."

Naye alimjibuje? "Bibi, hii ni historia. Mambo ya milango tuyaache." Akaandika tarehe, idadi ya waliokufa, na cheo cha mkubwa aliyekuja kutoa pole.

Basi mwalimu akakimbia nyumba hadi nyumba. "Tokeni! Mlima unakuja!" Mnadhani walitoka? Jirani yake, aliyekuwa anaranda mlango, akaingia ndani akarudi na kitabu.

"Mwalimu, habari hizi nimezisoma humu mpaka nimezikariri. Umeandika kwamba mlima ulishuka bila dalili yoyote. Leo dalili umezitoa wapi?"

"Nilikosea!"

"Hukukosea, umechoka tu. Nenda kapumzike, mwalimu wangu." Akashika randa yake, akaendelea.

Mwalimu akamshika mkewe mkono, wakapanda ng'ambo ya pili ya bonde. Alasiri mlima ukashuka. Wawili wale ndio waliobaki.

Ndugu zangu, nani aliwaua watu wale? Mlima? Waliuawa na maneno matatu: bila dalili yoyote. Mwalimu aliyaandika kwa sababu yanasikika vizuri, na kitu cha kweli akakiona kidogo mno kuingia kitabuni.

Na sisi je? Tunasema fulani alimwacha Mungu ghafla. Ghafla gani? Alianza kwa kuhamia benchi la nyuma. Kisha akawa anaondoka kabla ya baraka. Tuliona wote, mimi mchungaji wenu nikiwa wa kwanza, na ninaona aibu kulisema hapa. Tukihadithia habari zake tunaliacha benchi, na mwingine akihamia huko kesho hakuna atakayeshtuka.

Mkifika nyumbani leo, mama yako akianza kukusimulia vitu vyake vidogo vidogo, usimwambie afupishe. Kaa chini, umsikilize mpaka amalize.